Kwa wanachama wapya: mwaka wa chama chetu huanza na matokeo ya kidato cha nne

Karibuni. Fomu mmejaza, ada mmelipa au mmeahidi kulipa mwisho wa mwezi, na mmeingizwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo kuna siku lina jumbe mia na kuna wiki halina hata salamu. Nimekaa kwenye sekretarieti ya chama hiki cha kanda cha wahudumu wa afya ya akili ya watoto na vijana muda wa kutosha kulijua swali linalofuata: "Katibu, ratiba ya mwaka iko wapi?" Ratiba ipo, kurasa mbili, mtatumiwa. Ina semina, mkutano mkuu, maadhimisho na tarehe ya mwisho ya ada. Haisemi kazi yenyewe iko wapi, ndiyo maana nawaandikia.

Kanda yetu ni Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili tulio nao ni wa kuhesabu kwa vidole, na waliosomea watoto hasa ni wachache zaidi. Wengi wetu ni wauguzi wa afya ya akili, maofisa ustawi wa jamii, wanasaikolojia tiba, wataalamu wa tiba kwa vitendo waliopita KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, walimu wa elimu maalumu, na siku hizi wachungaji na masista wenye shahada ya unasihi. Hakuna anayelipwa mshahara na chama. Kazi zake hufanywa jioni, Jumamosi, na kwenye foleni ya benki.

Chama kama hiki kina kalenda mbili. Ya kwanza ni ya maadhimisho: Jumatatu ya pili ya Februari ni kifafa, 2 Aprili usonji, 23 Aprili afya ya akili ya watoto na vijana, 16 Juni Mtoto wa Afrika, 10 Septemba kuzuia kujiua, 10 Oktoba afya ya akili duniani. Ya pili ni ya watoto wenyewe: shule zinafunguliwa lini, mitihani ni lini, matokeo lini, masika yanakata barabara lini, mahindi yanaisha ghalani lini, wazazi wanarudi kijijini lini. Kalenda ya kwanza hupata wafadhili kirahisi. Ya pili ndiyo inayoleta watoto mlangoni. Pangeni mambo yenu kwa kuanzia na hiyo ya pili, maadhimisho yapate nafasi itakayobaki.

Kwa hiyo mwaka wetu huanza na matokeo ya kidato cha nne. Baraza la mitihani, NECTA, kwa kawaida huyatangaza Januari, na siku hiyo kila mtu mwenye simu anaweza kutafuta namba ya mtoto wa jirani. Zamani matokeo yalibandikwa shuleni na mtoto aliyeshindwa alipata muda wa kutembea peke yake kabla ya kufika nyumbani. Sasa shangazi aliyeko Mwanza anayajua kabla ya mwenyewe. Juma hilo na linalofuata ndiyo hatari. Kinachotakiwa ni mambo madogo yaliyoandaliwa Desemba: orodha ya nani anapokea simu siku gani na kwa wilaya ipi, dakika chache kwenye redio za mkoa, na ujumbe mfupi kwa wakuu wa shule waukumbushe mtandao wao wa wazazi kwamba namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haitozi chochote.

Mtaombwa kwenda redioni, kwa hiyo nawaambia mapema. Usiende na takwimu za dunia. Mzazi anayesikiliza akikamua ng'ombe hana kazi na asilimia. Mwambie mambo ya kufanya leo jioni: mtoto asiachwe peke yake usiku wa kwanza, asisemwe mbele ya wadogo zake, na dawa za kuulia wadudu za kahawa na dawa za mifugo zifungiwe kwa kufuli na ufunguo ukae kwa mtu mzima. Hili la dawa wapya huona haya kulisema hewani. Lisemeni. Sumu za shambani ni miongoni mwa njia zinazoua watu wengi zaidi duniani kwa kujiua, na sisi tuko kwenye kanda ya wakulima. Kisha mwambie mzazi amuulize mtoto waziwazi kama amewaza kufa. Wengi hudhani kuuliza kunampandikizia wazo. Utafiti umerudiwa mara nyingi na haujaonyesha hivyo. Mtoto akiulizwa kwa upole, mara nyingi hupumua.

Mtangazaji akitaka usimulie mtoto wa mwaka jana alijiuaje, kataa kwa adabu. Njia iliyotumika na maneno ya barua aliyoacha havitajwi, hata kama wasikilizaji wanataka.

Mtakutana pia na familia inayosema mtoto "alikunywa dawa kwa bahati mbaya". Msiikemee. Kanuni ya Adhabu yetu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na mzazi anayewaza polisi na fomu yao ya PF3 atamficha mwanawe hata kwa muuguzi. Mwache aseme bahati mbaya. Wewe mhudumie mtoto, weka miadi ya siku tatu zijazo, na rudia swali akiwa peke yake.

Baada ya Januari kasi hupungua, na hapo ndipo kikao cha kesi, tunapojadili pamoja mtoto anayemtatiza mmoja wetu kazini, hurudi kila mwezi. Kama mna nafasi ya kuhudhuria kitu kimoja tu katika chama hiki, kiwe hicho. Semina zina vyeti na pointi za CPD, yaani mafunzo endelevu ya taaluma, na najua mabaraza yenu ya taaluma yanazitaka ili leseni ihuishwe. Kikao cha kesi hakina chakula cha maana, chai na maandazi tu, na mahudhurio yake hupanda na kushuka. Lakini ndipo mtu anapojifunza kumtazama mtoto.

Utaratibu wake una mantiki hata kama hatuielezi kila mara. Anayeleta kesi anaanza na swali lake, sentensi moja: "Sijui kama huyu mtoto ana usonji au hasikii." Halafu historia, isiyozidi dakika kumi. Anayeanza na historia bila swali hutupeleka mpaka kwenye ujauzito wa mama na kikao kinaisha. Jina la mtoto halitajwi, na kijiji na shule pia havitajwi. Kanda hii ndogo. Ukisema "mtoto wa mchungaji mmoja wa Machame" umeshamtaja kwa nusu ya chumba.

Wauguzi, walimu na maofisa ustawi huongea kwanza, daktari bingwa huongea mwisho. Hii sheria ina maana kuliko inavyoonekana. Daktari akitangulia kusema "hii ni sonona", sista mwenye uzoefu wa miaka kwenye wodi ya mkoa hanyanyui tena mkono, na pengine yeye ndiye anayejua kwamba baba wa mtoto amelazwa kwa pombe. Mtaingia mkiwa vijana, mtawaamkia wakubwa shikamoo mlangoni kama inavyopasa, halafu mtakaa na mtatakiwa kuwapinga. Vyote viwili vinawezekana asubuhi moja. Anza tu kwa "naomba kuongeza" na useme unachotaka kusema.

Nitoe mfano, nimeutunga kwa vipande vya watoto wengi. Mvulana wa miaka minane, mwalimu anasema mtukutu, haandiki akamaliza, anaangalia dirishani, akiitwa haitiki. Mama anasema nyumbani pia hivyohivyo. Kijana mpya aliyetoka chuoni huwa tayari ameshaandika ADHD, tatizo la kutotulia na kukosa umakini, pembeni ya karatasi. Kisha maswali yanaanza. Anaangalia dirishani kwa muda gani? Sekunde chache, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea? Macho yanapepesa? Hapo muuguzi wa kliniki ya kifafa ameshainua kichwa, maana kuna kifafa kisichoangusha mtu. Au: aliwahi kulazwa kwa malaria kali yenye degedege? Masikio yametoka usaha mara ngapi? Analala saa ngapi, na nani, chumba kina watu wangapi? Amekula nini kabla ya kwenda shule? Nani anamlea hasa? Kwenye kanda yetu jibu la swali hili la mwisho mara nyingi ni bibi au dada wa kazi, ambaye hakuletwa kliniki kwa sababu hakuna aliyefikiri ana la kusema. Mwiteni. Dada wa kazi anajua mtoto alilia saa ngapi na aliamka mara ngapi, na mama aliyeshinda dukani hajui.

Watoto hawana ugonjwa wa akili peke yake. Wana masikio, minyoo, upungufu wa damu, selimundu, ada ambayo haijalipwa na baba asiyeongea. Kikao kizuri hupita kote huko kabla ya kufika kwenye jina la ugonjwa.

Mtaulizwa pia mmetumia kipimo gani. Kinachotumika sana kwetu ni dodoso la SDQ, la hisia na tabia za mtoto, alilolitunga Robert Goodman wa Uingereza na kulichapisha mwaka 1997. Lina maswali 25 kwenye ukurasa mmoja, lipo kwa Kiswahili, na kuna nakala ya mzazi, ya mwalimu, na ya kijana mwenyewe kuanzia miaka 11. Litumieni, ila mjue mipaka yake. Alama zinazotenganisha "kawaida" na "tatizo" zilitoka kwanza kwa watoto wa Kiingereza. Mzazi asiyezoea fomu atajibu "si kweli" kila mahali ili amlinde mtoto, au "kweli kabisa" kila mahali ili apate msaada. Msomeeni swali, mngoje, mwambie atoe mfano. Mfano wa mzazi una thamani kuliko tiki yake.

Kuna jambo jingine la kikao cha kesi ambalo huwachukiza baadhi ya wapya wenye shahada za uzamili. Tunawakaribisha watu wasio wataalamu: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu wa unasihi wa shule ya kata, mama wa kikundi cha kanisa. Wapo wanaoniambia chinichini kwamba hii inashusha hadhi. Mimi nawarudisha Moshi. Hapa mjini kwetu na vijijini kuizunguka, na Bungoma nchini Kenya, ulifanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ukihusisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Walioendesha vikundi vya tiba ya kisaikolojia ya majeraha ya nafsi walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto wa vikundi walipata nafuu zaidi kuliko waliobaki na huduma za kawaida. Kenya nako, mpango wa Shamiri ulitumia vijana wadogo tu kuwaongoza wanafunzi wa sekondari 413 kwa vikao vinne, na dalili za sonona na wasiwasi zikapungua. Utafiti huo ulitoka mwaka 2021. Kwa hiyo sisi tuliosoma tunabaki na kazi gani? Kusimamia. Kumsikiliza yule mama wa kanisa kila wiki, kumwambia pale alipopatia, kumpokea mtoto aliyemzidi. Kazi hiyo haina jukwaa wala kamera, na ni ngumu kupata mtu wa kuifanya kwa miezi sita mfululizo. Mnaotaka kujitolea, jitoleeni hapo.

Niseme kidogo kuhusu kundi la WhatsApp. Hakuna picha ya mtoto, hata iliyozibwa macho. Hakuna picha ya faili. Hakuna video ya mtoto akiwa kwenye degedege "ili mnisaidie", hata mama akikubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, lakini hata bila sheria: simu zetu huazimwa na watoto wetu wenyewe. Mwenye kesi ya haraka ampigie mwanachama mwenzake. Orodha ya namba na wilaya ninayo, huwa naihuisha kila robo mwaka, na kwa maoni yangu ndiyo mali kubwa ya chama hiki kuliko kompyuta mpakato iliyoko kwa mhazini.

Sasa shule. Ziara za shule tunazifanya zaidi Februari hadi Mei. Kuanzia Agosti darasa la saba wanafukuzana na mtihani wa Septemba, kidato cha nne wanafuata Novemba, na hakuna mwalimu atakayewapa kipindi. Mnahitaji barua iliyopitia kwa mkurugenzi wa halmashauri na ofisi ya elimu. Ipelekeni mapema, ifuatilieni kwa miguu. Mkifika shuleni, msikubali kusimamishwa mstarini mbele ya wanafunzi mia saba muwahubirie afya ya akili. Watapiga makofi na hakuna atakayewafuata baadaye, kwa sababu kila mtu atamwona anayewafuata. Kaeni na walimu kwanza, na matroni na patroni hasa, maana wao ndio wanaomwona mtoto usiku.

Kanda hii ni ya mabweni. Familia nyingi hupeleka watoto bwenini wakiwa wadogo mno, na mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa awali hadi darasa la nne. Hata hivyo wa darasa la tano naye ni mtoto. Kukojoa kitandani kulikoanza upya, tumbo linalouma kila Jumapili jioni baada ya wazazi kuondoka, kutotaka kula: hayo ni maneno ya mtoto wa miaka kumi. Matroni wengi huyasikia kama uvivu na humwanika mtoto pamoja na godoro lake. Kumfundisha matroni mmoja kuacha kumwaibisha mtoto anayekojoa kunaleta manufaa kuliko mabango yote ya Oktoba.

Halafu kuna ile simu ambayo lazima itapigwa, mara nyingi katikati ya muhula au mitihani ikikaribia: "Wasichana wanaanguka." Wanapiga kelele, wanakimbia, wengine wanasema wameona mtu mweusi dirishani. Wazazi wameshafika getini, mchungaji ameshaitwa, shekhe ameshaitwa, na kuna anayemtaja mpishi kwa uchawi. Nchi hii ina kisa cha aina hiyo ambacho ulimwengu mzima unakisoma. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya misheni ya bweni ya wasichana pale Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Wakafikia 95 kati ya wanafunzi 159, walimu hawakupatwa, na shule ikafungwa Machi 18. Ilipofunguliwa tena Mei, hali ilirudi. Wasichana waliorudishwa makwao waliisambaza vijijini. Madaktari walipima damu na chakula, hawakukuta sumu wala kijidudu. Huko nje hukisimulia kama kichekesho, lakini waliokuwepo hawakuwa wanafurahi. Ilikuwa dhiki iliyopata njia ya kutokea mwilini, na ikapita kwa macho na masikio kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Mkiitwa, nendeni wawili, mmoja wenu awe mwanamke. Ondoeni watazamaji kwanza, na simu zinazorekodi. Walioanguka wakae sehemu tulivu wawili wawili, wasikusanywe ukumbini pamoja maana huambukizana. Mtu wa tiba awapime kweli: sukari, homa, malaria, kifafa, mimba. Msimwambie yeyote kwamba anaigiza, kwa sababu haigizi. Msibishane na mchungaji wala shekhe mbele ya wazazi. Mwombeni asali na wanafunzi waliotulia, kwa sauti ya chini, siku nyingine, na wengi wao wakiombwa kwa heshima hukubali. Masomo yaendelee kwa wasioguswa ikiwezekana.

Kisha, kelele zikishatulia, fanyeni ile kazi ambayo shule haikuwaitia. Ulizeni mmoja mmoja. Maji yalikatika lini, chakula kikoje, wanaamshwa saa ngapi kwenda kusoma, nani anawachapa, nani huingia bwenini usiku. Mara nyingine jibu ni uchovu na njaa tu, na mkuu wa shule akirudisha saa mbili za usingizi mambo hutulia. Mara nyingine jibu ni mtu mzima. Hapo msiweke "mazungumzo na uongozi wa shule". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi wajulishwe siku hiyo hiyo, na mtoto aliyesema apate mtu wa kumfuata kila wiki. Chama kimewahi kupoteza mwaliko wa kurudi shule fulani kwa sababu hiyo. Tuliendelea na shule nyingine.

Katikati ya mwaka kuna mengi ya kupita haraka. Juni 16 mtaombwa mtoto wa kusoma risala, na kuna desturi ya kumwandikia mtoto risala ya watu wazima. Mwacheni aandike mwenyewe. Julai au Agosti huwa na semina ya pombe na dawa za kulevya: mbege na gongo nyumbani, mirungi ya upande wa Same, bangi kila mahali. Nanenane pale viwanja vya Themi, Arusha, huwa tunapata meza, na inashangaza mtu anayekuja kuangalia matrekta anavyoweza kusimama nusu saa kuuliza kuhusu mjukuu asiyeongea. Chukueni daftari la kuandikia anwani za kliniki, vipeperushi huishia kufungia karanga. Mwaka fulani ziara ya mafunzo ikienda hospitali ya akili ya Lutindi, kule milimani Korogwe, nendeni. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, wagonjwa wa akili wakaja baadaye, na ni vizuri kuona mahali ambapo watunzaji na wagonjwa hulima chai pamoja.

Oktoba. Nitasema ninavyoona, na viongozi wenzangu wanajua msimamo wangu. Siku ya Afya ya Akili Duniani ipo tangu 1992 na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni fulana. Kila mwaka robo nzima ya nguvu ya chama huishia kwenye fulana, bango, maandamano ya kilomita mbili na mgeni rasmi anayechelewa. Watoto walioandamana nasi wanarudi shuleni na hakuna aliyeongea nao. Ikiwa ni lazima kuadhimisha, na mara nyingi ni lazima kwa sababu fedha zimekuja zikiwa na masharti, basi fungueni kliniki ya bure siku hiyo, mwekeni mtaalamu wa masikio pembeni, mwandikeni kila mtoto anapotoka ana miadi wapi. Kipimo changu cha Oktoba ni watoto wangapi walirudi Novemba.

Fedha zenyewe: posho huvunja vyama kuliko magomvi ya kitaaluma. Kubalianeni mapema nauli inalipwa kwa tiketi, na kikao cha kawaida hakina posho. Mkipewa fedha za mradi, hesabu zake zikae mbali na ada za wanachama. Taarifa ya mwaka kwa Msajili wa Jumuiya ipelekwe kwa wakati, na nakala iliyogongwa muhuri ibaki na watu wawili. Mkutano mkuu hauna la kueleza zaidi: kuna akidi au hakuna, na aliyekosekana ndiye huchaguliwa mhazini.

Mnaotaka kusoma zaidi msisubiri ufadhili. Kitabu cha kiada cha IACAPAP, jumuiya ya kimataifa ya vyama vya fani yetu, kinapatikana bure mtandaoni, sura kwa sura, na kimeandikwa kikifikiria nchi zisizo na fedha. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani una sehemu ya watoto na vijana inayomfaa hata tabibu wa kituo cha afya. Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, kina shahada ya uzamili ya afya ya akili ya watoto na vijana, na Profesa Olayinka Omigbodun wa huko alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza IACAPAP, iliyofanya kongamano lake la 2014 Durban. Someni sura moja kwa mwezi, mje nayo kwenye kikao cha kesi.

Desemba wengi hudhani chama kimelala. Katika mikoa mingine labda. Hapa Kilimanjaro ndipo nchi nzima inapopanda mlima: magari yanatoka Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, ukoo unakutana, na bibi anamwona mjukuu ambaye hakumwona mwaka mzima. Bibi hasubiri. "Huyu mtoto ana miaka minne hasemi, mnangoja nini?" Ndiyo maana kliniki zetu hujaa kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, kwa familia zitakazoonekana mara moja tu. Msijaribu kumaliza kila kitu siku hiyo. Pimeni masikio, chukueni historia kwa bibi na kwa mama, kila mmoja kwa wakati wake, kwa maana hawatasema yaleyale. Msitoe jina zito la ugonjwa kwa familia inayoondoka kesho asubuhi na basi la saa kumi na mbili. Andikeni barua ya rufaa inayosomeka, yenye mliyoyaona, mliyoyapima na swali mnalouliza, ielekezwe kwenye kliniki iliyo karibu na wanakoishi, siyo karibu na sisi. Mpigieni simu mwenzetu wa huko kabla hawajaondoka. Na mwombeni baba namba yake pia, kwa sababu namba ya mama peke yake ikizimwa Januari hatuna njia nyingine ya kumfuata mtoto.